Namna ya kuendesha elimu ya mazingira skuli na shehia pamoja (kwa walimu wa Pemba, na Unguja pia)

Walimu wenzangu kadhaa wameniuliza klabu yetu ya mazingira tunaiendesha vipi mpaka ikadumu, kwahiyo naandika hapa yote kuanzia siku ya kwanza mpaka mwaka unapoisha. Mimi nasomesha sayansi skuli moja ya kijijini kaskazini mwa Pemba, upande mmoja tuna mikoko, upande wa pili tuna bonde la mpunga, na lile bonde sehemu ya chini lishaingiliwa na maji chumvi, kuna vipande watu wameviacha hawalimi tena. Wewe ukiwa Makunduchi au Mjini mambo yako yatakuwa mengine lakini njia ni hii hii.

Nianze na kilichotukuta. Mwaka mmoja walikuja watu na mradi, fulana na kofia zipo, skuli nzima ikatolewa madarasani tukaenda kupanda mkoko kwenye mchanga mweupe mbele kabisa kunakopiga wimbi, picha zikapigwa, wakaondoka. Baada ya miezi minne nikarudi pale na watoto sita tu kuangalia, tukakuta vijiti vyeusi vimegandwa na vikombe vidogo vya bahari (vile vinyama vyenye ganda gumu) kutoka chini mpaka juu na vingi havipo kabisa. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa siku ile tulikuja kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo nahesabu kilichoishi, sihesabu kilichopandwa, na hatua zote hapa chini zimetoka kwenye lile swali.

Hatua ya 1: Tembea kwanza, mpango utaandika baadae

Chukua watoto kumi hivi, mzee mmoja wa kiume anaejua msitu na mama mmoja anaekwenda pwani kuchokoa chaza au pweza, mtembee kijiji kizima kutoka juu mashambani mpaka maji yalipopwa. Nenda siku ya bamvua, yaani mwezi mpya au mwezi mpevu, kwa sababu huku kwetu siku za bamvua maji hupwa mbali sana kama saa nne saa tano asubuhi na unaona kila kitu, siku za maji mafu utaona nusu tu. Hapo utakutana na shida ya kwanza, saa nne watoto wa asubuhi wako darasani, na ukisema Jumamosi wengi wako chuoni (madrasa ya Kurani), kwahiyo kaa na ustadhi mapema mkubaliane Jumamosi moja kwa mwezi. Usimtolee watoto bila kumwambia, utakuja kumhitaji sana mbele huko.

Mnapotembea waulize wale wazee maswali mepesi. Hapa palikuwaje ulipokuwa mtoto? Kisima hiki kilikuwa kinakauka? Kuni mlikuwa mnaokota wapi? Watoto waandike majibu kama yalivyosemwa. Sisi yule mama alisimama sehemu akasema hapa mimi nlikuwa napata kikapu cha chaza kabla jua halijawa kali, saivi natembea mpaka kule kwenye mlilana (mti wa mikoko unaokaa mbele majini) wa mwisho na sijazi. Sentensi ile moja ilitupa kazi ya mwaka mzima.

Mkirudi chagueni jambo MOJA. Mikoko, au taka, au kisima, au uchimbaji mchanga, lolote lakini moja, na liwe karibu kiasi cha mtoto kulifikia kwa miguu. Walimu wengi tunakosea hapa, tunataka mabadiliko ya tabianchi, matumbawe, taka, misitu na kasa vyote muhula mmoja, mwisho mtoto anakariri maneno makubwa ila hajui kisima cha nyumbani kwao kwanini kimekuwa na chumvi.

Hatua ya 2: Ruhusa, na usiruke mtu

Mwalimu mkuu, kamati ya skuli, ofisi ya elimu ya wilaya, sheha (kiongozi wa shehia). Kwa sheha usende na barua tu, nenda ukae. Kama kazi yenu ni ya mikoko au msitu wowote lazima maofisa wa misitu wajue, mikoko ni hifadhi na hata kupanda kuna utaratibu wake. Kitu muhimu ambacho wengi hawakijui: sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inaruhusu jamii kufanya makubaliano na serikali ya kusimamia msitu wake wenyewe, na kuna shehia nyingi zishafanya hivo, kwahiyo inawezekana shehia yako tayari ina kamati ya uhifadhi imekaa kimya. Itafute hiyo kamati, ingieni chini yake, msianzishe kikundi cha pili kikagombana na cha kwanza.

Mambo ya taka na mifuko ya plastiki nenda ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Wakumbushe watoto kwamba Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, Bara wamekuja kupiga marufuku 2019. Watoto wanaipenda sana hii, wanajiona wana kitu chao cha kukilinda.

Hatua ya 3: Klabu ndogo inayofanya kazi

Ishirini wanatosha. Nusu wasichana, na uchukue madarasa yaliyochanganyika ili wakubwa wakiondoka wadogo wabakie wanajua kazi. Usichague wale wanaofaulu peke yao, mimi mtoto wangu bora wa klabu ni mmoja ambaye darasani anasumbua, baba yake mvuvi wa madema na yeye anajua majina ya samaki na upepo kuliko mimi.

Vifaa vyenyewe: kamba ya mita 40, futi ya fundi cherehani, daftari gumu la karatasi nyingi, penseli (kalamu ya wino ikirowa imeharibika), mizani ya kupimia karafuu mnaazima kwa mtu, mapolo mawili matatu, na raba za zamani kwa kila mtoto kwa sababu chaza za kwenye mizizi ya mikoko zinakata kama wembe. Ndo hivo tu. Usisubiri mfadhili ndo uanze, mfadhili akija akukute na daftari limejaa atakusikiliza vizuri zaidi.

Usalama naomba muuchukulie kwa uzito. Watoto wetu wengi wamekulia pwani ila kuogelea hawajui. Wahesabu mnaposhuka, wahesabu mnapopanda, mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuangalia maji tu, na maji yakianza kugeuka mnatoka hata kama kazi haijesha.

Hatua ya 4: Kupima (hapa ndo penye elimu yenyewe)

Nitaeleza kwa mikoko kwa sababu ndo nnayoijua vizuri. Tafuteni sehemu ndani ya mikoko, pigeni kamba mraba wa mita 10 kwa 10, pembe nne mchomeke nguzo zitakazodumu, hapo ndo shamba lenu la kupimia na mtarudi hapo hapo kila muhula. Ndani yake mnahesabu vitu vitatu: miti mizima iliyosimama, visiki, na miche inayojiotea wenyewe. Visiki mvigawe, vipya na vikongwe, kisiki kipya ukikiangalia pale kilipokatwa rangi bado ipo, kikongwe kishakuwa cheusi kina ukungu na vijikombe. Kila kisiki kizungushieni futi mwandike sentimita.

Na wafundishe majina. Mkoko wenyewe una mizizi kama miguu ya buibui, mchu una vijiti vinatoka chini kwenye tope kama penseli, mlilana unakaa mbele kabisa kwenye maji mengi, mkandaa na msinzi viko nyuma, mkomafi una tunda kubwa kama mpira. Mtoto akishajua kila mti una kiwango chake cha maji anachokipenda basi hata ile hasara yetu ya mchangani anaelewa mwenyewe kwanini ilitokea, sio lazima umwambie.

Sasa kuna kitu kilitokea siku ya kwanza ya kupima na nataka mjiandae nacho. Mtoto wa darasa la sita alishika kisiki kimoja akakizungusha mkono akasema "hii boriti hii, ya nyumba ya mjomba." Alisema kwa furaha tu, watoto wanajua fito ni unene gani, pau ni unene gani, boriti ni unene gani, wameona nyumba zikijengwa. Wenzake wakanyamaza wakaniangalia mimi. Nikamwambia andika, sentimita ngapi, basi, tukaendelea. Jioni nikawaambia wote kwamba kwenye daftari letu haliandikwi jina la mtu, linaandikwa kisiki na upana wake, na mambo ya nani kakata sio kazi ya mtoto. Walimu wenzangu msiwageuze watoto kuwa askari wa msitu. Mtoto akionekana anapeleka majina ya watu kwa sheha, klabu imekufa siku hiyo hiyo na familia zinagombana, na aliekata mara nyingi kakata kwa sababu anajenga na hana pesa ya mbao.

Kama mlichochagua ni taka, njia ni hiyo hiyo. Wiki mbili mfululizo kila siku taka zote za skuli zimwagwe kwenye turubai, mgawe: plastiki, karatasi, maganda na mabaki ya chakula, makopo, chupa, kila fungu mpime kwa ile mizani. Mkimaliza mtajua wenyewe cha kuanza nacho. Maganda na majani chimbieni shimo yaoze muwe na mbolea ya bustani, na plastiki msichome, moshi wake mtoto anauvuta na jivu linashuka kisimani.

Hatua ya 5: Wapelekeni wakaone waliofanikiwa

Ziara sio starehe, ziara ni ushahidi. Kwa Pemba mahali pa kwanza mimi nawapeleka Kidike kwenye popo. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu, na walikuwa wanawindwa kwa nyama mpaka wakakaribia kwisha, halafu wanavijiji wenyewe wakaunda klabu za kuwalinda na popo wakarudi. Watoto wakisimama chini ya ile miti wakawaona wananing'inia wamejifunika mbawa, wakaambiwa hawa walibaki wachache na waliowarudisha ni watu kama baba zenu, huna haja ya kusomesha tena juu ya uwezo wa jamii. Na waelezeni popo anafanya kazi gani, anakula matunda na kusambaza mbegu usiku kucha, msitu wa Ngezi hauwezi kuwa vile bila wanyama wa aina hiyo.

Msitu wa Ngezi na ufuo wa Vumawimbi ni ziara ya pili nzuri kwa sisi wa kaskazini. Kisiwa cha Misali ni kwa boti, inataka pesa kidogo na matayarisho ila ina somo lake, ntaisema hapo chini. Walimu wa Unguja nyinyi mna Jozani, ambayo pamoja na ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, kima punju wapo pale na mikoko ipo ina njia ya mbao unatembea juu. Na mna kisiwa cha Chumbe, matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994 na wamekuwa wakipokea wanafunzi wa skuli kwa miaka mingi, watoto wanavishwa vioo wanaingia majini kuangalia matumbawe kwa macho yao. Mtoto wa kisiwani kufika sekondari hajawahi kuona tumbawe hai ni jambo linaniuma sana.

Kabla ya ziara kila mtoto awe na swali lake moja ameliandika. Wakirudi jibu lisomwe mbele ya wenzao waliobaki.

Hatua ya 6: Kupanda (ikiwa panahitaji kupandwa)

Nasema ikiwa, kwa sababu mara nyingi ukiacha kukata na kukanyaga, mikoko inajiotea yenyewe, mbegu zinaletwa na maji bure. Angalia daftari lenu: kama miche ya kujiotea ipo mingi, kazi yenu ni kuilinda. Panda pale tu palipokuwa na mikoko zamani ikakatwa na hairudi. Pasipokuwa na mikoko tangu enzi, hasa kwenye mchanga wa wimbi au kwenye majani ya bahari, usipande, yale majani ndo malisho ya tasi na watoto wa samaki wengi, ukipachokonoa umeharibu kimoja kwa kutafuta kingine.

Mbegu ya mkoko ni ile ndefu kama rula. Okota zilizoanguka au tikisa tawi zilizokomaa zidondoke, usivute kwa nguvu. Iliyokomaa ina kipete cha rangi ya njano pale inapokutana na tunda lake. Kagua iwe haina tundu la mdudu. Ziweke kivulini zimefunikwa polo la maji, usizikalishe siku nyingi. Kupanda unaichomeka kwenye tope theluthi moja, sehemu nene iliyochongoka inakwenda chini na sehemu nyembamba yenye kichipukizi inakaa juu, hapo simama na watoto uangalie kila mmoja maana kuna wanaopanda kichwa chini na haitaota. Kati ya mche na mche hatua moja kubwa ya mtu mzima, kama mita hivi. Mchu ni tofauti, mbegu zake ndogo kama kunde kubwa, loweka usiku mmoja ganda litoke halafu otesha kwenye kitalu, viriba vyenye tope la pale pale, kitalu kikae mahali maji ya bamvua yanafika kidogo, ikifika urefu wa kama rula ndo unahamisha.

Msipande miche mingi kuliko mnayoweza kuifatilia. Miche 100 mnayoijua ni bora kuliko elfu moja ya picha. Na Ramadhani msipange kazi za topeni, watoto wamefunga.

Hatua ya 7: Watoto wazungumze na wazee

Hii ndo hatua inayoachwa na miradi mingi, watoto wanasoma, jamii haijui. Muombe sheha nafasi kwenye mkutano wa shehia, dakika 15, watoto watatu. Wasisome hotuba. Mmoja aseme tulipima wapi na vipi, mmoja asome hesabu, mmoja aulize swali moja. Sisi msichana wa darasa la saba alisoma idadi ya visiki vipya na vikongwe, halafu akauliza, "Wazee wetu, mnatushauri tufanye nini?" Akakaa. Alieanza kujibu ni bibi mmoja wa chaza, akasema mimi nshasema miaka mingi hamnisikilizi, sasa mjukuu kaleta hesabu. Pale pale wakakubaliana sehemu ya mbele isikatwe kabisa na kamati ya uhifadhi ikafufuliwa. Ningezungumza mimi mwalimu wangepiga makofi wakaenda zao.

Na chuoni na msikitini. Kule Misali, ambako hifadhi ilianza 1998, ilionekana kwamba wavuvi walielewa zaidi uhifadhi ulipoelezwa kwa mafundisho ya dini, kwamba binadamu kapewa hivi vitu kwa amana na israfu imekatazwa, kuliko walipoelezwa kwa kanuni za serikali. Watu wa Pemba tunaijua pia hadithi ya kisiwa chenyewe, kwamba Nabii Khidhri alitaka msala akaambiwa kisiwa hiki ni mfano wa msala, kinaelekea kibla. Basi mpe ustadhi zile hesabu za watoto, aziweke mwenyewe kwenye darsa lake kwa maneno yake.

Akina mama wafuateni wao, msiwaite. Wanaolima mwani na wanaochokoa pwani wengi ni wanawake na mkutano wa saa kumi jioni wengine hawafiki, wako jikoni. Nendeni pwani wakati wa bamvua, watoto wawasaidie kubeba huku wanazungumza.

Halafu muwe na jibu la kuni na miti ya kujengea. Ukimwambia mtu asikate mkoko na huna la kumwambia kuhusu jiko lake umemdhulumu. Kitalu cha skuli kioteshe pia mivinje na mikesha, kila mtoto apeleke nyumbani miche mitano ipandwe kwenye mpaka wa shamba. Inachukua miaka, kwahiyo ianze mwaka wa kwanza.

Hatua ya 8: Rudini kuhesabu

Mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kupanda. Hesabuni mizima, iliyokufa, iliyopotea, na iliyokufa muandike mnadhani imekufa na nini: mbuzi, wimbi, kaa, tope limefunika, mtu kang'oa. Matokeo yabandikwe ubao wa skuli na kwa sheha hata kama ni mabaya. Mwaka wetu wa kwanza wa kupanda wenyewe kipande kimoja chote kililiwa na mbuzi, tukakibandika hivo hivo, na mwenye mbuzi akaja mwenyewe kuwafunga bila ya mtu kumtaja.

Hatua ya 9: Daftari

Walimu tunahamishwa, tena katikati ya mwaka. Kwahiyo daftari lisiwe lako. Liandikwe nakala mbili, moja ikae kabati la skuli na moja kwa katibu wa kamati ya uhifadhi. Ukurasa wa mwanzo mchore ramani ya kufika kwenye zile nguzo nne, hatua ngapi kutoka njiani na mti gani mkubwa upo karibu, kwa sababu tope linazimeza. Ukurasa wa pili muandike tarehe za bamvua za muhula unaokuja na majina ya watoto wawili wakubwa ambao kila mwaka wanamfundisha mwalimu mpya namna ya kupiga kamba.

Sisi kupima kwetu kunakofuata ni mwezi mpevu ujao, saa nne asubuhi, ustadhi ashakubali.